Msokoto wa Ulimwengu Haumo Ndani ya Kidani

Katika vichochoro vya Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni hadi Mlango wa Papa, bidhaa mpya haihitaji tangazo la redio. Huingia nyumba moja kwa mkono wa shangazi, ikatoka kwa mkono wa wifi, na baada ya majuma mawili mtaa mzima wajua bei yake. Ndivyo vilivyoingia vidani vya nishati: kijiwe cheusi cha mviringo, kamba ya shingoni na karatasi ya maelezo. Karatasi yasema kidani kina "nishati ya skala" au "nishati ya toshoni", kwamba hupanga upya spini za chembe za mwili, na kwamba sayansi yake ni ile ya Einstein. Kisukari, presha, magoti, kukosa usingizi, vyote vimeorodheshwa. Bei ni maelfu ya shilingi, na kwa nyumba nyingi hizo ni pesa za dawa ya mwezi mzima.

Wanaopinga vidani hivi aghalabu husema tu "huo ni uongo" wakaishia hapo. Mimi naona haitoshi, kwa sababu maneno yaliyo kwenye karatasi hayakubuniwa. Spini ipo. Toshoni nayo ipo, angalau katika vitabu vya fizikia, na imesomwa kwa miaka mia moja na watu makini. Muuzaji ameazima maneno ya wenyewe, basi na tuwaulize wenyewe wamesema nini.

Tuanze na Einstein, maana jina lake ndilo linalouza. Kabla yake tulifundishwa kwamba dunia huuvuta mwezi kama mtu avutaye ng'ombe kwa kamba. Mwaka wa 1915 Einstein akaiondoa kamba. Alisema mahali na wakati ni kitu kimoja, ambacho hapa nitakiita anga-wakati, na kwamba chochote chenye uzito hukipinda. Mwezi hauvutwi na mtu. Wapita njia iliyo nyoofu kuliko zote ndani ya anga-wakati iliyopindwa na dunia. Maji yanayojaa na kupwa pale Bandari ya Kale ni mpindo huo huo ukionekana kwa macho.

Na si nadharia ya kukaa kabatini. Saa zilizo ndani ya setilaiti za GPS hutangulia saa zetu za chini kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, ukihesabu mvutano na mwendo wao kwa pamoja. Kosa hilo lisiporekebishwa, hesabu ya mahali ingepotea kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku moja tu, na dereva wa tuktuk aliyesimama Makadara angeambiwa na simu yake kwamba ameshavuka Likoni zamani.

Mpindo maana yake nini hasa? Chukua safari ya kufikirika. Nahodha asimama Kismayu, karibu kabisa na mstari wa ikweta, akiwa na mshale mkononi ulioelekea kaskazini. Aenda moja kwa moja hadi ncha ya kaskazini ya dunia, mshale ukitazama mbele. Pale ncha ageuza mwili, lakini mshale haugeuzi, kisha ateremka mpaka karibu na mdomo wa mto Amazon, ambao nao uko kwenye ikweta. Kutoka hapo arudi Kismayu kwa kufuata ikweta. Njia nzima hakuuzungusha mshale hata kidogo. Akifika nyumbani aukuta unatazama magharibi. Kilichougeuza ni umbo la dunia yenyewe. Ukibeba kitu bila kukigeuza, ukazunguka, ukarudi nacho kimegeuka, jua kwamba ulipopita pamepinda.

Msokoto ni jambo jingine, na hapa hatuhitaji kwenda Amazon. Mkeka watosha. Chukua mkeka wa miyaa uliosukwa sawasawa, weka kidole mahali pamoja, kisha hesabu miyaa kumi kwenda juu, kumi kulia, kumi chini, kumi kushoto. Kidole kimerudi pale pale. Sasa chukua mkeka ambao msukaji alipitiwa, mwaa mmoja ukaishia katikati badala ya kufika ukingoni. Hesabu tena ukipazunguka hapo. Kumi, kumi, kumi, kumi, na kidole hakijafika kilikoanzia. Kimepungukiwa na mwaa mmoja. Mkeka haukupinda, umelala bapa sakafuni. Wewe nawe hukukosea hesabu. Ila imo ndani ya msuko. Kuna na aina ya pili, mfano wa ngazi za kuzunguka ndani ya mnara: wazunguka mara moja, kwenye ramani umerudi ulipokuwa, lakini kwa kweli umepanda juu. Mzunguko usiofunga, ndiyo toshoni. Mimi nauita msokoto, kwa kuwa kamba ya usumba iliyosokotwa ina tabia hiyo hiyo.

Wahandisi wa madini wanaijua hali hii vizuri kuliko wanajimu. Ndani ya chuma atomi zimepangwa kama mkeka, na ila za namna hiyo ndizo zinazomwezesha fundi kukunja nondo isikatike. Tangu miaka ya 1950 hesabu za ila hizo zimeandikwa kwa lugha ile ile ya msokoto.

Aliyeileta lugha hiyo ni mwanahisabati Mfaransa, Élie Cartan. Mwaka wa 1922 aliuliza swali ambalo, ukishalisikia, washangaa kwa nini halikuulizwa mapema. Einstein ameiruhusu anga-wakati ipinde. Mbona hakuiruhusu isokoteke? Hesabu zenyewe hazikatazi. Einstein alikuwa amechukua tu kwamba msokoto ni sufuri, na nadharia yake ikaenda vizuri bila huo. Cartan akapendekeza kwamba kama uzito wa vitu ndio unaopinda, basi huenda kuna mzunguko fulani wa ndani ya maada ndio unaosokota. Shida ni kwamba mwaka ule hakuna aliyejua mzunguko wowote wa ndani ya maada. Alikuwa ametengeneza kufuli, na ufunguo bado haujachongwa.

Ufunguo ulikuja miaka mitatu baadaye. Mwaka wa 1925 vijana wawili wa Uholanzi, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, walipendekeza kwamba elektroni ina spini. Usifikirie pia ya watoto inayozunguka sakafuni. Elektroni haina ukubwa wowote uliowahi kupimwa, na kisicho na upana hakina cha kuzungusha. Lakini kina kiasi cha mzunguko, kile kile daima, hakipungui wala hakiongezeki, na huwezi kukisimamisha. Elektroni ya ukucha wangu na elektroni ya jua zina spini sawa kabisa.

Spini si jambo la kiini macho. Sumaku iliyoko kwenye mlango wa friji ni elektroni nyingi ambazo spini zao zimeelekea upande mmoja. Na ukipelekwa hospitali kupigwa picha ya MRI, mashine ile huzungumza na spini za protoni katika maji ya mwili wako. Huzielekeza kwa sumaku kubwa, huzitikisa kwa mawimbi ya redio, kisha husikiliza zinavyorudi, na kutoka hapo daktari huona ubongo au uti wa mgongo bila kisu. Hiyo ndiyo tiba ambayo spini imetupa, na yahitaji sumaku ya tani kadhaa.

Cartan na spini hawakukutanishwa vilivyo mpaka mwanzo wa miaka ya 1960. Waliofanya hivyo, kila mmoja kwa njia yake, ni Dennis Sciama na Tom Kibble, wote wakiwa Uingereza. Sciama ndiye baadaye aliyemsimamia Stephen Hawking katika masomo yake. Kibble alikuwa katika kundi la Abdus Salam, Mpakistani aliyeanzisha kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, mwaka wa 1964 kwa ajili ya wanafunzi wa nchi kama zetu. Kituo hicho tangu 2018 kina tawi Kigali, na mzazi mwenye kijana aliyeshikwa na hesabu afaa kulijua.

Nadharia waliyoikamilisha, kwa maneno machache, yasema hivi: uzito hupinda anga-wakati, na spini huisokota. Ni nadharia safi, na nakiri nina mapenzi nayo. Kila chembe ina vitu viwili inavyovichukua popote iendapo, uzito wake na spini yake. Nadharia ya Einstein yampa kazi mmoja na kumwacha mwenziwe bila kazi, ilhali hii yawapa wote wawili.

Lakini papo hapo ndipo karatasi ya kidani inapoanguka, kwa mambo mawili ambayo wenye nadharia wameyasema waziwazi.

La kwanza, msokoto huu hausafiri. Mpindo husafiri: mashimo meusi mawili yakigongana huko mbali, anga-wakati hutikisika na mtikisiko ukaja mpaka hapa, na tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO kule Marekani iliupima kwa mara ya kwanza. Mpindo ni kama moshi wa udi. Kilichofukizwa ukumbini, aliyekaa barazani apata harufu. Msokoto wa Cartan ni kama hina, upo pale ulipopakwa na haupo pengine. Katika hesabu zake, kiasi cha msokoto mahali fulani hulingana na spini iliyopo mahali hapo hapo. Toka nje ya maada hata kwa unywele mmoja, msokoto ni sufuri. Kijiwe kilicho juu ya kifua hakiwezi kuusokota moyo ulio chini ya mbavu, kwa nadharia ile ile ambayo karatasi yaitaja. Tena ndani ya jiwe la kawaida spini zimetazama kila upande, huku na kule, zikifutana. Hata huo msokoto wa ndani haubaki wa maana.

Wako wanafizikia waliotunga nadharia nyingine ambamo msokoto waweza kusafiri, na ni haki kulisema hilo. Basi ikabidi kutafuta. Katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitengeneza pendulumu yenye elektroni zipatazo 10 kwa kipeo cha 23 zilizoelekezwa upande mmoja, kwa kuchanganya sumaku za aina mbili hivi kwamba usumaku wa nje wafutika lakini spini yabaki. Wakaining'iniza kwa uzi mwembamba wa tangsteni na kungoja ijisokote yenyewe, japo kidogo mno. Matokeo waliyoyatoa mwaka wa 2008 hayakuonyesha nguvu yoyote ngeni, na vipimo vyao vimetumiwa kuonyesha kwamba kama kuna msokoto unaotuzunguka, basi ni hafifu kupita kiasi. Linganisha kifaa hicho, na uangalifu wote huo, na kijiwe cha kamba.

La pili ni ukubwa. Msokoto ni dhaifu mno kiasi kwamba huanza kushindana na mpindo pale tu maada inapobanwa kupita tunavyoweza kuwaza. Maada iliyobanwa zaidi ambayo twaijua inasimama bila kuporomoka ni ile ya nyota za nyutroni, ambako kijiko kimoja cha chai kina uzito wa zaidi ya tani bilioni moja. Hapo bado msokoto hauna sauti. Kwa chembe kama nyutroni, ingebidi sentimita moja ya ujazo ibebe gramu zinazoandikwa kwa 1 na sifuri zipatazo 54. Nyota ya nyutroni ina sifuri 15 hivi.

Basi msokoto una kazi wapi? Huenda katika mwanzo wa ulimwengu, na huenda ndani ya mashimo meusi. Na kwenye mashimo meusi pwani yetu ina sehemu yake, ambayo nashangaa watoto wa Mombasa hawafundishwi kwa fahari.

Baharini nje ya Ras Ngomeni, kaskazini ya Malindi (si Ngomeni yetu ya Fort Jesus), Waitaliano chini ya Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la kurushia roketi, wakaliita San Marco. Pale ni kama nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta hupata msukumo wa bure kutokana na dunia inavyozunguka. Tarehe 12 Disemba 1970 ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani, ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kutazama eksirei za angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru, kwa Kiswahili hicho hicho. Iliacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja chao, Cygnus X-1, kilikuwa kimeshaonekana tangu 1964, lakini Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba mwangaza wake wapepesa haraka mno, chini ya sekunde moja. Kitu kinachopepesa upesi hivyo lazima kiwe kidogo. Wanajimu wakaitazama nyota jirani yake, wakaona inazungushwa na kitu kizito kisichoonekana. Likawa shimo jeusi la kwanza ambalo wataalamu wengi walilikubali. Vipimo vya karibuni vyalipa uzito wa jua letu mara 21 hivi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2002. Roketi ya mwisho ilirushwa San Marco mwaka wa 1988.

Nadharia ya Einstein ikifuatwa mpaka mwisho, maada iliyoangukia ndani ya shimo jeusi yabanwa mpaka iwe nukta isiyo na ukubwa. Hesabu hutoa jibu lisilo na mwisho, na wanafizikia wakiona jibu kama hilo hujua kwamba nadharia imefika pasipo pake. Mwaka wa 1973 Andrzej Trautman wa Poland alionyesha, kwa mfano rahisi wa hesabu, kwamba msokoto ukitiwa ndani, spini zikipangwa upande mmoja zaweza kuzuia mporomoko: maada hubanwa, hubanwa, kisha msokoto husukuma nyuma kama springi, na nukta haifikiwi. Tangu 2010 Nikodem Popławski ameenda mbele zaidi, akisema maada hiyo yaweza kuruka na kuzaa ulimwengu mwingine upande wa pili. Hapo mimi nasita. Hakuna kipimo kilichowahi kuuona msokoto popote, na mtu aweza kujenga ghorofa nyingi juu ya msingi ambao hajaukanyaga. Lakini swali la nini kinatokea ndani ya kitu ambacho Ngomeni ilisaidia kukifichua ni swali la haki kabisa.

Sasa imekuwaje neno lenye makao ndani ya mashimo meusi likashuka mpaka shingoni? Katika Umoja wa Kisovyeti, miaka ya 1980, kundi lililoongozwa na Anatoly Akimov lilidai kuwa limepata mawimbi ya toshoni yanayopita kwenye ukuta wowote, yenye kuponya na hata kufaa kijeshi. Walipewa pesa za serikali. Mwaka wa 1991 wanafizikia wa huko huko walilifichua jambo hilo na kulilaani hadharani kuwa ni sayansi bandia. Pesa za umma zikakatwa, lakini jina likabaki sokoni, likauzwa na wengine katika nchi nyingine.

Kama ingekuwa hasara ya pesa tu ningeishia hapa. Disemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi, ANVS, ilitoa onyo juu ya bidhaa kumi za aina hii, vikiwemo vidani na bangili, moja yao ikiwa ya mtoto. Zilipopimwa zilikutwa zinatoa miale ya kweli ya nyuklia. Katika baadhi ya vijiwe vya namna hii hutiwa unga wa madini yenye thoriamu, ndiyo ile ile iliyomo kwenye udongo wa kilima cha Mrima, Kwale, na kuufanya uwe na mnururisho kuliko kawaida. Miale yake ni midogo. Lakini kitu kinachovaliwa kikiwa kimegusa ngozi, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, si sawa na kilima unachokipita kwa gari. Kwa hiyo kidani kisichoweza kutoa msokoto chaweza kabisa kutoa kitu kingine, ambacho karatasi haikukitaja.

Ushauri wa Waholanzi kwa wenye bidhaa zile ulikuwa waache kuzivaa na waziweke mahali salama wakingoja maelekezo. Hapa Kenya wenye mamlaka juu ya vitu vyenye mnururisho ni KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mwenye kidani cha namna hiyo asikitupe jaani ambako watoto watakiokota, wala asikisage wala kukichoma. Akitie ndani ya kopo lenye kifuniko, aliweke mbali na vitanda, kisha awaulize. Na dawa ya presha aendelee nayo kama daktari alivyoandika.